Linux Kando ya Windows, na Mazishi ya Mama

Dzaleka, Malawi
4 Juni 2025

Mpendwa wifi Thacienne,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huko Finland baridi imepungua? Na ule mguu wako je? Sisi tuko wazima, nsima, ugali wa huku, tunakula, Mungu hajatuacha.

Kwanza nikupe habari ya Irakiza wangu. Kati ya batoto wote wa hapa, yeye njo wa kwanza kwenye masomo ya kompyuta. Walimu walitaka kila mmoja aweke Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows, zote mbili ndani ya mashine moja. Akajaribu Linux za aina tatu kwa flash, bila kugusa kitu cha ndani, akachagua ile inayoitwa Mint. Mimi mwenyewe, niliyeishia darasa la tano, aliniketisha, nikaona menyu iko chini kushoto kama nilivyozoea, nikafungua picha bila kuuliza mtu. "Mama," akasema, "kama we umeweza, njo hii."

Siku hiyo mtoto wako Gakiza akafika kutoka Area 23, kule mjini anakotengeneza simu. Akacheka: "Mint ni ya bamama! Mi naweka ile ya bafundi." Irakiza alikataa kutoka kwenye kiti. Nikamkemea: mjukuu mkubwa akisimama, mdogo haketi. Akatoka.

Mashine ikauliza, iweke mpya kando ya ile ya zamani au ifute yote? Irakiza akapiga kelele, "Soma kwanza!" Gakiza akamjibu, "Nyamaza, fundi hasomi," akabonyeza. Ikafuta yote.

Wifi, mule ndani ndimo ilimokuwa video ya mazishi ya Mama yako, ile nzito isiyopita kwa simu, uliyoomba tusiondoe matanga mpaka uione. Simu iliyoipiga iliibwa zamani. Irakiza alitafuta siku tatu. Hakuna.

Sitakupaka asali. We hukumzika Mama; mi njo nilimwosha. Sasa hata kumwona akizikwa hutamwona, na aliyekunyima ni yule uliyemzaa. Hakulia hata. Alisema tu, "Si alishakufa?" Mi kosa langu ni kile kiti.

Mint Irakiza ameiweka upya, inaenda vizuri sana. Amekuwa wa kwanza tena.

Matanga tunaondoa Jumapili, hatusubiri tena. We nyoa kichwa cha matanga huko huko, peke yako.

Kaka yako Hatungimana anakusalimu, Fidès mdogo wake Irakiza pia. Gakiza hajatuma salamu. Mungu akufunike kwenye baridi hiyo.

Mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Capitoline, mama Irakiza