Nisubiri Pale Kwenye Utepe

Mume wangu kipenzi,

Nikiandika tu hilo neno "mume" nacheka peke yangu kama chizi! Jumapili nakimbia, na wewe unatoka huko kazini kuja kunitazama kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Raba nimezifua mpaka zinang'aa kuliko pete.

Ila tangu bomu lilipuke kwenye mbio za nchi ile tuliyoiona kwenye habari, katikati ya watu waliokuwa wakiwasubiri wapendwa wao wamalize, mazoezini hatupigi tena soga. Kocha alisema, "Anayetaka kujitoa ajitoe, sitamnunia." Shoga yangu akanichokoza: "Bibi harusi hajitoi, anataka kuonekana na mumewe!" Nikacheka, kisha nikalia.

Siogopi kukimbia, laazizi. Naogopa wewe kusimama pale mwisho. Nilitaka kukuomba ubaki huko huko. Lakini jana mazoezini nilijaribu kuuwazia utepe wa kumalizia usio na wewe, nikapitwa na kila mtu, hata kocha na kitambi chake!

Basi njoo. Vaa lile shati jekundu nikuone kwa mbali, usimame mbele kabisa. Nitakurukia na jasho langu lote, na ole wako unikwepe!

Wako peke yako, kwa ndoa na kwa roho,
Mkeo