Kazi ya Mgonjwa

Akola, 9 Februari 2004

Mdogo wangu Vasant,

Hujambo wewe? Rohini hajambo, na wale pacha wameacha kukohoa? Mimi ukiniuliza mbele za watu nitasema sijambo, ndivyo watu wanavyojibu. Lakini karatasi haina mtu wa kumwonea haya, kwa hiyo nakuambia kweli: pumzi zangu zimezidi kupungua.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Nikipiga, neno la nne halitoki, na wewe unaanza, "Dada? Dada? Upo?" Nipo, natafuta hewa. Kalamu haihitaji hewa.

Ngazi za kupanda kwangu ni ishirini na mbili, unazijua. Mwaka juzi nilizipanda na ndoo mkononi. Sikukuu ya Diwali iliyopita nilisimama kwenye ya kumi na saba. Jana nimesimama kwenye ya tisa, nikakaa kabisa, mama wa chini akaniletea maji kama mgeni.

Madaktari wamefika wanne. Wa kwanza alisema kifua kikuu. Nimemeza vidonge miezi sita, mkojo ukawa mwekundu, na makohozi waliyapima mara tatu wasione mdudu hata mmoja. Wa pili alisema pumu, akanipa dawa ya kuvuta mdomoni. Wa tatu alisema gesi ya tumbo. Wa nne hakunigusa. Alitazama mvi zangu akasema, "Mama, umri huu, na ujane juu yake, ni mawazo tu." Nikamwambia, "Daktari, mume wangu amekufa miaka kumi na tisa iliyopita. Pumzi zimeanza kukatika miaka miwili iliyopita. Piga hesabu." Akaita mgonjwa mwingine.

Karakana inakwenda vizuri. Joto linakaribia na watu wameanza kuleta mikeka ya vipoza hewa vyao, ile ya nyasi inayoloweshwa maji ili feni ilete ubaridi: tunakata waya, tunaifumua, tunakung'uta nyasi kuukuu, tunajaza mizizi mipya yenye harufu. Hata masika hatulali njaa siku hizi, maana tangu mwaka juzi nakusanya mikeka chakavu mji mzima, naiweka kwenye magunia, tunaitengeneza wateja wasipokuwapo. Wanawake kumi na mmoja wanakula hapa, wa kumi na mbili ni mimi. Usihofie kazi. Hofia ngazi.

Dada yako,
Manda


Pune, 21 Februari 2004

Dada yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Pacha wameacha kikohozi wakashika mafua, wanagawiana kama peremende. Rohini anakusalimu na anakutumia achari ya ndimu, ila anasema usiile kabla ya wiki mbili, na mimi najua utaifungua leo.

Barua yako nimeisoma mara mbili ofisini, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Nimekupatia nafasi kwa daktari mkubwa wa mapafu kule Nagpur, tarehe 6 Aprili. Nitakuja mwenyewe, tutapanda treni pamoja. Hutahitaji kusema hata neno moja, nitakusemea mimi.

Na vile vinyasi vyako, Dada, si wakati sasa wa kuwaachia wengine? Kunisomesha ulishamaliza.

Mdogo wako,
Vasant


Akola, 30 Mei 2004

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wa nyumbani mwako wote. Huku jua linatukaanga, nyuzi arobaini na sita jana, na achari ya Rohini imekwisha zamani.

Nilitaka kukushukuru kwa siku mbili zile za Nagpur. Nilikuona umeinama kwenye dirisha la karani ukinijazia fomu, mimi nimeketi nyuma na mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini, nikasema moyoni, huyu ndiye niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu. Nikaona raha. Nilitaka ulijue hilo kabla sijaanza kulalamika.

Sasa nalalamika. Picha ya mapafu imetoka, na daktari anasema yanaonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Anasema kuna kitu navuta kwenye hewa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa ndani, basi kitu hicho kimo ndani ya nyumba. Wamenipa orodha. Jiko la mafuta ya taa nimelitoa, nimeweka la gesi. Ubani nimeacha. Mito miwili ya pamba nimeitupa. Mwisho wa orodha wameandika: ndege.

Raghu nimempeleka kwa Shabana, yule mkata waya wangu. Miaka kumi na mmoja kasuku yule ameniamsha kwa kuita "Manda, chai!" Shabana anasema kila mtu akipita barabarani anamwita Manda, watoto wake wanacheka mpaka wanaanguka. Mimi sikucheka.

Vidonge walivyonipa vilinisaidia wiki tatu: ngazi kumi na tano, kumi na nne, kumi na sita. Halafu kumi na moja. Juzi nane. Kasuku ameondoka na pumzi hazijarudi. Angalau kimoja ningebakishiwa.

Dada yako,
Manda


Pune, 12 Juni 2004

Dada, shikamoo.

Nane? Sitaki kusikia tena habari za ngazi hizo. Mvua zikianza, njoo kwetu wiki tatu. Usiniletee sababu. Tiketi imo ndani ya bahasha hii, na pacha wameshagombana wewe utalala upande wa nani.

Mdogo wako,
Vasant


Akola, 8 Agosti 2004

Mdogo wangu Vasant,

Nimefika salama, nimekuta mvua na matope, na Shabana amenisalimia kwa sauti ya Raghu.

Waambie pacha nawakumbuka. Siku ya kumi kwenu nilipanda mpaka ghorofa ya tatu nimembeba mmoja wao, nikafika juu nikiwa bado naimba. Rohini alipiga makofi. Nilidhani ni hewa ya Pune. Nilidhani ni mikono ya Rohini, au kwamba nilikuwa mpweke tu, yule daktari wa nne alisema kweli. Nikaona aibu kidogo kwa makelele yangu yote.

Sasa nisikilize. Nimerudi Jumapili ya wiki juzi, nimelala vizuri. Jumatatu saa nne asubuhi nimeingia karakana, tumefungua magunia ya mikeka chakavu, imelowa kwa mvua, inanuka uvundo. Saa kumi alasiri nikaanza kutetemeka kwa homa. Saa kumi na mbili kifua kimefunga. Jumanne nimekaa nyumbani, kimefunguka. Jumatano nimeingia tena: masaa sita, homa, kifua. Alhamisi nyumbani, nafuu. Nimelifanya jambo hili mara nne, kama fundi anayepima nguo kabla ya kukata. Mara nne, jibu moja.

Udaktari sikusomea, hesabu naijua.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Wameniuliza habari za jiko, za ubani, za mto ninaolalia. Mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza karakana? Kesho kutwa naenda Nagpur peke yangu, kuwauliza.

Dada yako,
Manda


Akola, 14 Agosti 2004

Vasant,

Leo salamu sina.

Daktari mkubwa hakuwapo. Nimepokewa na msichana anaitwa Ketaki, daktari wa juzi tu. Alinishika mkono kupima mapigo, akaugeuza, akatazama kiganja. Unakijua kiganja changu, kimechanwa na waya tangu ulipokuwa darasa la pili. Akasema, "Mama, mikono hii ni ya mama wa nyumbani?"

Nikamuuliza nani amesema mimi ni mama wa nyumbani. Akafungua faili akanisomea. Jina la mgonjwa. Umri. Kazi ya mgonjwa: mama wa nyumbani.

Akanigeuzia karatasi niione. Herufi zimelala ubavu, zile ambazo mwalimu wako alikuwa akikuchapa kwa ajili yake.

Kila aliyefungua faili lile amesoma mstari huo akaenda kutafuta ugonjwa jikoni kwangu. Miezi minne, Vasant. Tangu Aprili mpaka Agosti nimeendelea kuvuta ukungu wa mikeka ile. Ketaki anasema uvundo wa nyasi zilizolowa ndio unaochoma mapafu, na sehemu iliyokwisha kukakamaa hairudi tena kuwa laini.

Ulisema utanisemea.

Usiniandikie kwa sasa.

Manda


Pune, 2 Septemba 2004

Dada yangu,

Umenikataza, na ninaandika.

Ningeweza kusema nilikuwa na haraka, karani alikuwa ananihimiza. Alikuwa ananihimiza kweli. Lakini pale kwenye mstari ule mkono wangu ulisimama. Nilikuwa na nafasi ya kuandika. Nikakumbuka kwamba Rohini ataiona nakala, na babake ataiona, na wakati wa posa niliwaambia dada yangu anakaa nyumbani, ana mapato ya marehemu mumewe. Marehemu shemeji hakukuachia hata baiskeli.

Nikiwa shuleni uliponituma nipeleke mkeka kwa mwalimu, nilipitia uani ili wenzangu wasinione. Dada, mimi bado napitia uani. Nina umri wa miaka thelathini na tisa.

Rohini nimemwambia yote. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ada yako yote ilitoka kwenye nyasi?" Nikasema yote. Akasema, "Na wewe ukaona aibu yako ni hiyo?" Hajasema nami vizuri tangu Jumanne.

Niambie ngazi ni ngapi. Hata kama ni mbili.

Mdogo wako,
Vasant


Pune, 16 Novemba 2004

Dada, shikamoo.

Jana ilikuwa siku yetu, siku ya dada na kaka. Tangu nimezaliwa sijaikosa. Nilioga mapema, nikavaa shati jipya, nikakaa sebuleni kama mjinga anayesubiri basi kwenye barabara iliyofungwa. Pacha wa kike alimpaka nduguye rangi nyekundu kwenye paji, akamzungushia taa, kisha akaniuliza mimi wa kwangu yuko wapi. Nikasema amekasirika. Akasema, "Ulifanya nini?" Hakuuliza kama nilifanya.

Nipe hasira yako kwa maandishi, tafadhali. Huu ukimya siujui kuusoma.

Mdogo wako,
Vasant


Akola, 19 Desemba 2004

Mdogo wangu Vasant,

Hujambo? Rohini hajambo? Mwambie swali lake nimelipenda.

Sikuwa nimenyamaza ili uumie. Labda Septemba, kidogo. Baadaye nilikuwa na kazi.

Ketaki alipokwisha kunieleza, nilirudi karakana nikasimama mlangoni, ndani siruhusiwi tena, nikamsikia Bebi akikohoa. Ana miaka ishirini na minne, ndiye mkung'utaji wangu mkubwa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Aa, Dada, ni vumbi tu, wote tunakohoa." Wote! Na mimi mwaka mzima nimejihesabia ngazi zangu peke yangu.

Magunia nimeyatoa yote. Mkeka chakavu hauingii tena ndani, unalowekwa uani, unafumuliwa ukiwa majini, na mwenye kufumua amefunga kitambaa. Kazi imekuwa nzito kwa robo nzima na wananinung'unikia kila asubuhi. Mimi nimehamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Napokea wateja, naandika, napiga kelele kwa kengele kwa sababu sauti haifiki. Shabana anaongoza ndani. Ananiigiza ninavyotembea, naona kupitia dirishani.

Jumatano nimewapeleka wote kumi na mmoja Nagpur. Tumejaza nusu ya behewa. Kwenye dirisha la fomu, karani ametazama ule mstari wa sari akasema, "Wote mama wa nyumbani, si ndiyo? Naandika kwa mkupuo."

Nikaweka kiganja juu ya karatasi yake. Sentensi moja ilinichukua pumzi tatu, na foleni nzima ilisubiri.

"Waulize. Mmoja. Mmoja."

Akaniangalia, akaangalia foleni, akauliza. Durga akasema anafumua mikeka, msimu wa nne. Shabana akasema anakata waya. Bebi akainama mpaka dirishani, "Nakung'uta. Andika vizuri, kaka, na vumbi uliandike." Walicheka mpaka muuguzi akatoka kuja kuwanyamazisha. Ilichukua dakika arobaini. Nilizipima.

Tisa ni wazima. Durga na Bebi ugonjwa umeshawaanza, ila ni mdogo. Ketaki anasema wakikaa mbali na uvundo miezi michache mapafu yao yatasafika. Bebi amelia, si kwa ugonjwa, alidhani nitamfukuza. Nimempa kuchambua mizizi mipya.

Mimi, theluthi ya pumzi zangu imekwenda na haitarudi. Sitakuficha. Iliyobaki Ketaki anasema itanitosha miaka mingi nikiitunza. Nimefikiri sana kama theluthi ile ni yako. Kuna ya madaktari wanne wasiouliza, kuna ya magunia niliyoyajaza mwenyewe nikijiona mwerevu. Yako ni miezi minne. Miezi minne nimekukasirikia, tangu Agosti mpaka leo. Sasa nimemaliza kukasirika.

Mwishoni karani alifungua faili langu jipya. Kazi ya mgonjwa, nikamtajia, mwenye karakana, akaandika. Akauliza ndugu wa karibu wa kuitwa likitokea jambo. Nikasema Vasant, mdogo wangu, Pune.

"Anafanya kazi gani?"

"Sitaki kumsemea," nikamwambia. "Namba yake hii hapa. Mpigie umuulize mwenyewe."

Alicheka, akadhani natania. Nikasimama pale mpaka alipoiandika namba yote. Akipiga, pokea.

Dada yako,
Manda