Maman amesugua sarafu za Papa

Jumapili. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini ukungu bado umelala juu ya ziwa, na moyo wangu mzito tangu niamke.

Tangu Papa aende Mwenga kumzika ndugu yake, na vita vikafunga barabara nyuma yake, hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumwita Papa marehemu. Wanaokimbia kutoka huko wanatuletea habari za kila namna, ila hakuna aliyemwona. Maman amekuwa akimwekea sahani ya tatu mezani. Hata koti lake analipiga pasi.

Alituachia mkebe wa sarafu za wakati wa Wabelgiji, nyingine zenye tundu katikati, nyingine zenye tembo. Sheria yake ilikuwa moja: mtu asizisugue. Weusi wa sarafu, alituambia, ndio umri wake, na mnunuzi analipia umri. Ole wake mtoto aliyezishika kwa mikono yenye maji.

Mwezi huu njaa imeingia mpaka ndani. Ofisini hakuna mshahara, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta imetuchosha. Mwenzangu wa kazi, anayejua watu wanaokusanya vitu kama hivyo, alikuwa tayari kuchukua mkebe mzima. Maman alikataa. Papa akirudi ataziulizia, alisema. Nami nilifurahi kimoyomoyo, maana kuziuza kungekuwa sawa na kusema amekufa.

Leo nimekwenda misa peke yangu. Maman alisema kichwa kinamuuma. Niliporudi nilimkuta uani, ndimu na majivu pembeni yake, sarafu zimeanikwa juu ya kitambaa. Zinang'aa kama masufuria ya siku ya harusi.

Zote ameziharibu. Nilifungua mdomo nigombe, lakini alinitangulia bila kuinua macho.

"Uziuzishe sasa, mutoto yangu. Papa yako hatagomba tena."



Mama huyu, tangu aolewe, hajawahi kuugusa mkebe ule. Kama angeamini bado kwamba Papa atarudi, asingethubutu. Hakuna aliyemletea habari mpya. Amechoka kungoja, basi, akaona afadhali azisafishe ili mtoto wake apate bei nzuri.

Sikumwambia kwamba mwenzangu hatazitaka tena. Nilikaa chini nikamsaidia kuzipangusa, moja moja, na tukalia pale pale uani, majirani wakituona.

Jioni ameandaa sahani mbili.

Sasa naandika, na mfukoni mwangu imebaki sarafu moja, ile niliyoichukua wiki jana kumwonyesha mwenzangu. Ya tembo. Bado nyeusi, kama Papa alivyoiacha.

Jikoni imebaki nusu ya ndimu. Maman amethubutu. Mimi je?