Wa Kumfaa Nani?

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mguu unanisumbua kukiwa na baridi. Wewe na presha yako mnaelewana?

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyenipa jina, na nataka kulibadilisha. Bosi wetu hapa kiwandani amesoma mahali kwamba Onesmo ni jina la Kigiriki, maana yake “wa kufaa”, na kwamba zamani mabwana waliwapa watumwa wao jina hilo. Akalitangaza mbele ya washonaji wote. Sasa naitwa Cha Faida. Mimi ni fundi cherehani, lakini kila Jumapili naosha gari lake na kuzibua sinki la mkewe. Nikiguna ananiambia, “Jina lako lenyewe limeshakubali.” Washonaji wanacheka. Na mimi nacheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Ulijua, shangazi?

Mtoto wa kaka yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha ilikuwa imetulia mpaka barua yako ilipofika.

Nilijua. Mimi husoma hadi mwisho, si kama bosi wako anayesoma nusu ukurasa akajiona profesa. Ni kweli, Wagiriki waliwabandika watumwa jina hilo kama chapa kwenye gunia. Lakini lisome tena. Linasema “wa kufaa”. Halisemi wa kumfaa nani. Hicho kipande cha pili kakiongeza bosi wako, na wewe unamsaidia kwa kucheka.

Sasa sikia jambo ambalo baba yako hakutaka ulisikie. Ulipozaliwa na mguu ule, ukoo ulijaa sebuleni kwetu, ukanywa chai yetu, na baba yangu mdogo akasema, “Huyu hatafaa kitu.” Mama yako alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno. Nikachukua kitabu cha majina, nikatafuta jina litakalomkwama mzee yule kooni. Alikuita Onesmo hadi alipokufa, na kila mara alikunja uso.

Libadilishe ukitaka, ni lako. Ila usilibadilishe kwa ajili ya mtu anayeshindwa kuosha gari lake.

Shangazi yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwezi mzima kimya. Nilikuwa mkali, sawa. Nilikuwa mkali kabla hujazaliwa, na sioni sababu ya kuacha. Kama umefukuzwa, chumba kipo. Andika hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Shangazi

28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kukuweka roho juu.

Sikufukuzwa. Bosi alinirushia funguo za gari mbele ya washonaji. “Cha Faida, kesho asubuhi.” Nikaziweka mezani. Nikamwambia, “Naitwa Onesmo. Kazi yangu ni cherehani, na Jumapili sipo.”

“Basi utafaa stoo,” akasema.

Nipo stoo, napanga vifungo. Nimepeleka malalamiko chama cha wafanyakazi, pamoja na mshonaji aliyekuwa akicheka kuliko wote. Hatujui itaishia wapi. Bosi bado ananiita Cha Faida. Siitiki. Anaita, anaita, mwishowe anainuka anakuja mwenyewe.

Jina nimeliacha lilivyo.

Leo ni Jumapili. Jirani amegonga, redio yake imekufa. Nimemwambia kesho. Nimelala chali tangu asubuhi, shangazi, na simfai mtu yeyote.

Mwanao,
Onesmo