Alama ya Njano kwenye Gari la Babu

Jumapili, 7 Julai 2019

Leo naanza. Nitaandika yote, kama yalivyotokea, hata pale nitakapoonekana mjinga. Mwalimu Ostrander alitufundisha kwamba anayejidanganya kwenye daftari lake mwenyewe hana pengine pa kusemea kweli.

Jambo kubwa la nyumba yetu ni gari la Babu Tad. La mwaka 1970, la zambarau, injini kubwa kuliko akili ya aliyelibuni (hayo ni maneno ya Bibi Lottie). Ya aina hii yaliundwa machache sana. Jina la kampuni silitaji. Babu akilitaja huvua kofia, nami sina kofia.

Amelifufua kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna aliyelipanda. Hakuna! Hata Bibi. Linapelekwa kwenye maonyesho juu ya tela, kama bibi harusi asiyetakiwa kukanyaga vumbi. Babu aliapa: siku waamuzi wa klabu ya magari ya zamani watakapolitunuku Dhahabu, atatupakia sote, madirisha wazi, hadi kibanda cha aiskrimu. Maili mbili. Dhahabu ni pointi 950 katika elfu moja. Mwaka jana alipata 931.

Nina miaka kumi na mitatu. Nimeingoja safari hiyo tangu nikiwa na miwili. Sisemi kitu. Ila naingoja.

Jumatano, 10 Julai

Jambo ambalo watu wa shuleni hawaliamini: mwaka jana Babu alikatwa pointi kumi kwa sababu gari lilikuwa zuri mno. Kweli! Waamuzi hawataki gari zuri. Wanataka gari lilivyotoka kiwandani, na kiwandani watu walikuwa na haraka. Rangi ilichirizika chini ya buti la mizigo, hakuna aliyejali.

Kwa hiyo mwaka huu Babu ameuchiriza mchirizi huo kwa makusudi. Kwa kijiti cha aiskrimu, akitazama picha ya zamani kwa lenzi. Siku tatu kwa mchirizi mmoja wa urefu wa kidole!

Jioni Bibi akaingia gereji na pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akasema, Tad, umemwaga rangi hapa, ngoja nikufutie. Babu alipiga ukelele hadi mbwa wa mtaa mzima wakamjibu.

Bibi anasema alipoolewa hakuambiwa kuhusu michirizi.

Jumamosi, 13 Julai

Leo — sijui nianzie wapi. Nitaanza mwanzo.

Imebaki alama moja tu. Kwenye bati linalotenga injini na viti, mkaguzi wa kiwanda alikuwa akipiga alama ya vema kwa kalamu ya nta ya njano: limepita, liende. Kitabu cha waamuzi kina picha yake. Alama imenyooka, kila upande na pembe yake. Babu amekuwa akijifunza kuichora juu ya maboksi. Maboksi arobaini na mawili! Nimeyahesabu. Bado inatoka imepinda.

Bi Verlene Tubbs akaja na keki ya pichi. Ndiye jirani wetu mpya, alihamia nyumba ya mkabala majira ya kuchipua. Tulijua alifanya kazi katika kiwanda cha magari. Hapa kwetu Michigan nani hakufanya? Hatukujua alifanya nini.

Akayatazama maboksi. "Jirani, unafundisha kuku kuandika?"

Babu akamweleza kwa heshima kwamba hiyo ni alama ya mkaguzi, mwaka sabini, mwisho wa mstari wa kuundia magari.

Bi Verlene akaweka keki juu ya tairi. "Mkaguzi wa mwisho wa mstari, mwaka sabini, zamu ya jioni, ni mimi hapa."

Babu akavua kofia.

"Na hii ya kitabu chenu ni ya Dubose wa zamu ya asubuhi," akasema. "Mwandiko kama karani wa benki. Zambarau ilipigwa jioni tu. Gari hili lilipita mbele yangu mimi." Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuinama chini ya boneti — fyu! Alama moja, imelala ubavu, na mkia uliojikunja kama wa nguruwe.

Babu akauliza kwa sauti ndogo kwa nini ina mkia.

"Magari hamsini na tano kwa saa, mzee. Ulidhani nilikuwa na rula?"

Babu alilia kidogo. Tukala keki tukiwa tumesimama. Nadhani tutapata Dhahabu. Naandika hapa tu, sisemi.

Ijumaa, 19 Julai

Kesho. Babu amelala gereji. Bibi amempelekea mto, na hakugusa kitu.

Jumamosi, 20 Julai

Uwanja wa maonyesho. Joto. Mwamuzi mkuu ni Bwana Eldon Pruitt: glavu nyeupe, tochi, na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Alilala chali chini ya buti. Tukashika pumzi. Akasema, mchirizi mzuri huu, Tad. Mzembe kabisa. Babu akaona haya kama msichana.

Kisha akafungua boneti. Akatazama alama. Akatazama kitabu. Akatazama alama.

"Mkono huu si wa kiwandani."

Bi Verlene alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, na mwavuli. "Ni wangu."

"Bibi, kwa heshima zote, kitabu kinasema vingine."

"Kitabu hicho kiliajiriwa mwaka gani? Mimi sikuwahi kukiona kazini."

Watu wakaanza kukusanyika. Bwana Pruitt akasema kwamba sheria haziruhusu kumbukumbu za mtu, zinataka karatasi. Bi Verlene akamnyang'anya ubao wake wa fomu, akatoa kalamu ya nta, na — fyu! — akapiga alama katikati ya fomu ya pointi, na mkia wake. Ileile kabisa! "Haya. Karatasi hiyo. Nawe umepita, nenda."

Watu wakapiga makofi. Bwana Pruitt akawa mwekundu hadi kwenye glavu. Akakata pointi mbili.

Jumla: 948.

Babu alilifunika gari taratibu, kama unavyomfunika mtoto. Nilitoka, nikaenda nyuma ya tela. Nilichokifanya huko ni kulia, nami niliahidi kuandika yote.

Bwana Pruitt akaja pole pole. Akamwambia Babu ana siku saba za kukata rufaa kwa barua. Bi Verlene akileta kitambulisho chake cha kazi cha zamani, huenda kamati ikazirudisha zile mbili. "Na ikiwa hivyo, Tad, bei ya gari ni mara mbili. Hapo usiliguse tena. Hata tairi lisizunguke. Kila maili hukata pointi."

Babu akaitikia kwa kichwa. Nami nikaelewa. Taratibu, kama hesabu ngumu.

Tusipopata Dhahabu, hatupandi, kwa sababu ya kiapo. Tukipata, hatupandi, kwa sababu ya Dhahabu.

Nikamwambia Bibi. Akasema alilijua hilo mwaka wa pili.

Jumapili, 21 Julai

Babu amenipa kazi ya kuandika rufaa kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Nimeiandika vizuri: dai kwanza, sababu baadaye, kitambulisho nimekiambatanisha. Ni haki ya Bi Verlene. Alama ni yake, na ukweli ni ukweli hata ukininyima aiskrimu.

Nilikuwa nimefika kwenye "wako mtiifu" niliposikia kelele. Nikakimbilia gereji.

Bi Verlene yumo ndani ya gari! Kiti cha mbele. Mkanda amefunga, mkoba mapajani.

Babu anamsihi: "Bi Verlene, tafadhali, kiti hicho ni cha asili."

"Hata mimi ni wa asili. Mwaka sabini niliyapitisha magari elfu na elfu, sikupelekwa na hata moja hadi getini. Nililipitisha liende, mzee. Liende! Sikulipitisha likae."

Babu akamtazama Bibi amsaidie. Bibi Lottie akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akasogea, akanigeukia. "Hattie, nafasi yako hii hapa."

Nimekaa mlangoni pa gereji na daftari hili na barua magotini. Babu amesimama katikati. Funguo ziko mkononi. Anaitazama barua, ananitazama mimi, anaitazama barua.

Nimeongeza mstari chini ya mahali pa saini ya Babu, kwa mwandiko mdogo. Naunakili hapa, kwa kuwa niliahidi yote:

Mheshimiwa Bwana Pruitt, hili ni swali langu mimi, si la Babu, na naomba jibu kwa posta ya kwanza: gari la pointi 950 likienda maili mbili na kurudi mbili, likiwa na mkaguzi wake ndani, linabakiwa na ngapi?