Bastola ya Agafia

Kodiak, Alaska
9 Julai 2009

Mdogo wangu mpenzi Mashavu,

Pokea salamu zangu zote tulizofundishwa nyumbani, na moja ya ziada kwa ajili ya goti lako. Barua yako ya Machi ilinikuta mzima, nikaisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa miwani, na mara ya tatu kwa sauti, ili nyumba isikie Kiswahili. Nimefurahi kusikia kwamba paa limeezekwa upya na kwamba wajukuu wako wanakuogopa. Endelea hivyo hivyo. Mimi hali yangu ni ya mtu wa miaka sabini na moja anayeishi kwenye baridi: viungo vinalalamika asubuhi, mchana vinasahau.

Uliniuliza kama nimezoea kukaa peke yangu. Sijazoea. Tarehe ishirini na nane Juni ulitimia mwaka mmoja tangu Agafia wangu aondoke, na barua hii ni habari ya jinsi tulivyoufikia mwaka huo. Nisamehe ikiwa ndefu. Kuna jambo ndani yake nililokuficha miaka zaidi ya ishirini, na siwezi kulifikia kwa njia ya mkato.

Watu wa Agafia, Waalutiiki, wenyeji wa asili wa kisiwa hiki, wakitimiza mwaka wa maiti huenda kanisani, padri akasoma, kisha wote hula nyumbani kwa marehemu. Mimi hukaa benchi la nyuma na kusoma Fatiha yangu kimya, na padri anajua. Chakula cha siku hiyo ni peroki, yaani mkate mkubwa uliojazwa samoni, wali na kabichi. Agafia, alipokuwa bado ana nguvu ya kuamrisha, aliniambia, "Peroki yangu usiitie samaki wa dukani. Mvue wewe, pale pale petu." Pale petu ni ukingo wa mto wa bibi yake, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabarani, ambako samoni wekundu hupanda mwanzoni mwa Juni. Na wanakopanda samoni, Mashavu, dubu huwa wametangulia.

Miaka yote tuliyovua pale, kazi zetu ziligawanyika hivi: mimi nasimama majini na ufito wa kuvulia, yeye anasimama nyuma yangu ukingoni na bastola. Wanaume wa hapa walinicheka sana. "Mpishi," waliniambia, kwa kuwa nilianza kama mpishi wa meli, nao hawajasahau, "wewe unavua, mkeo anakulinda, sasa nyumbani nani anavaa gauni?" Niliwajibu kwamba gauni tunalivaa kwa zamu.

Safari hii nilikuwa sina wa kusimama nyuma yangu. Marfa, binti yetu niliyemlea tangu ana miaka sita, ni muuguzi, na Juni ni mwezi ambao wavuvi wote wa kisiwa hiki hujikata vidole. Aliniambia bila kupepesa, "Baba, bila bastola huendi. Na usiende kuazima. Nenda kwa Haakon, akuchagulie ya kukufaa." Nikamwambia kwamba dubu yeyote mwenye akili hawezi kutamani nyama ya mzee kama mimi. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kwao, mtu hamsemi dubu kwa majivuno, hata akiwa jikoni kwake, kwa sababu dubu anasikia.

Haakon Tveit ni mzee mwenzangu, anauza na kutengeneza silaha kwenye duka dogo karibu na bandari. Nilikuta vijana wawili kwenye meza yake wakibishana. Kila mwanaume wa hapa ana mahubiri yake juu ya bastola ya kuvulia samaki. Mmoja alisifu zile za magazini, nyepesi, zenye risasi kumi na tano. Mwingine alisifu zile nzito za matundu sita yanayozunguka, akisema risasi yake moja ni sawa na tano za mwenzake. Nilipoishika ile nyepesi, huyu wa pili akasema, "Mzee, ukimwelekezea hiyo, dubu atadhani unampiga picha. Atasimama vizuri!" Nilipoishika ile nzito, wa kwanza akajibu, "Na hiyo ukiifyatua utaanguka chali mtoni, dubu aje akuokote kama samoni." Haakon akawafukuza wote wawili wakanywe kahawa.

Yeye hana mahubiri, ana jaribio. Alinivalisha ile suruali ya mpira ya kuvulia, inayofika kifuani na kufungwa mkanda. Akanipa ufito mkono wa kulia, akanipeleka uani, akasema, "Bastola iko kiunoni. Ukisikia jina la mwenye mto, itoe." Kisha akapiga ukelele "Dubu!" na kunisukumia tairi la gari likibingirika kuteremka kwenye mawe. Mdogo wangu, ungeniona ungecheka hadi goti lipone. Bastola ilikuwa kiunoni, ndiyo, lakini chini ya mpira na chini ya mkanda, nami nikabaki najipapasa tumbo kama mtu anayetafuta funguo, hadi tairi likanigonga magoti. Haakon akaja polepole. "Umekufa, Mpishi. Tena!" Nikafa mara ya pili. Ndipo akanieleza kwamba mvuvi hubeba bastola kifuani, juu ya mpira wote, upande wa kushoto, ili mkono utakaotupa ufito uikute bila kutafuta. Akasema bastola bora ni ile ambayo mkono wako unaijua hata macho yakiwa yameingiwa na hofu. Mengine ni kelele za vijana.

Kwa maneno hayo nikaamua. Nilifungua mfuko nikatoa bastola ya Agafia, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa cha maua mekundu. Ni ya matundu sita, ya zamani, mpini wake umesuguliwa na kiganja chake hadi ukawa laini kama kijiko cha mbao. Nikamwambia Haakon, "Mkono wangu hauijui, lakini macho yanaijua. Nishonee ala ya kifuani ya hii."

Hakuigusa. Alikwenda akafunga mlango wa duka, akavua miwani, akaniuliza kama Agafia aliwahi kuniambia. Nikamuuliza aniambie nini. Akasema, "Hiyo haifyatuki, Songoro. Haijafyatuka tangu mwaka themanini na nane."

Akaifungua, akanionyesha pengo, mahali pa kile kichuma kidogo kinachogonga kitako cha risasi. Hakikuvunjika. Kiliondolewa na fundi, na pengo lilikuwa limepakwa mafuta vizuri. Fundi ni yeye. Alisema Agafia alikuja siku ya theluji kubwa, Desemba mwaka ule, akamwomba akitoe na asimwambie mtu, hasa mimi. Kisha kila mwaka theluji ilipoyeyuka alikuja tena kuipaka mafuta, na kila mara Haakon alimuuliza, "Nikirudishe?" Akavuta droo na kunipa bahasha ya khaki. Ndani yake kilikuwemo kile kichuma, kidogo kuliko kokwa ya tende. Juu ya bahasha Haakon alikuwa ameandika kwa penseli jibu la Agafia la kila mwaka. Bado. Bado. Bado. Nilihesabu ishirini. Mwaka wa mwisho, alipokuwa tayari anaumwa, alimjibu akicheka, "Mwenyewe alishapona zamani. Lakini bado. Mimi nimeshazoea kuongea na dubu."

Sasa, Mashavu, nifike ninakokwenda.

Mama alifariki Novemba ya mwaka ule. Simu yako ya maandishi ilinifikia baada ya siku kumi na moja, nikiwa sina nauli hata ya nusu ya njia. Baada ya hapo hukupata neno langu kwa miezi kumi na moja. Uliniandikia barua saba. Ya saba ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba hitima ilisomwa na mtoto wa kiume hakuwepo hata kwa karatasi. Nilipojibu hatimaye, nilikuambia kwamba nilikuwa baharini kwenye meli ya kuvua kaa, na barua zilinisubiri bandarini. Umenilaumu kwa meli hiyo hadi leo, na nimekuacha unilaumu, kwa sababu lawama ile ilikuwa nyepesi kuliko ukweli. Hapakuwa na meli. Nilikuwa kitandani. Barua zako zote saba nilizipokea, nikaziweka chini ya mto wa kulalia, na sikuzifungua hadi mwaka uliofuata. Sikutaka tena kuishi, mdogo wangu. Naandika hivyo wazi kwa kuwa sina namna nzuri zaidi ya kuliandika. Niliitazama bastola ile kwenye rafu ya jikoni zaidi ya inavyomfaa mtu kuitazama, na nilidhani hakuna aliyeona. Agafia aliona. Hakunihubiria. Aliniletea supu, alinikata kucha, na siku moja aliivaa ile bastola akatoka nje kwenye theluji, akairudisha jioni, akaiweka pale pale kwenye rafu. Nikapona taratibu, kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kukueleza. Na yeye kwa miaka ishirini akasimama nyuma yangu ukingoni, na dubu wakapita hatua arobaini kutoka kwetu, akiwa ameshika chuma kisichofanya kazi, ili tu nisijue kwamba alijua.

Haakon alisubiri hadi nilipomaliza kulia. Kisha akauliza, "Nikirudishe, au uchukue nyingine?" Nikamwambia anipe hadi kesho.

Jioni nilikwenda kwa Marfa, nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha. Akachukua kiazi kingine, akaniuliza, "Na sasa je, Baba?" Nikamjibu kwamba sasa usiku ni mrefu na kitanda ni kipana, lakini nataka kula peroki, na nataka kujua kama mwanawe atafaulu hesabu. Akanitazama jinsi wauguzi wanavyotazama. "Basi kirudishwe," akasema. "Lakini bastola italala kwangu. Asubuhi unakuja unaichukua, unakunywa chai. Jioni unairudisha, unakula. Usiporudi kula nakuja mtoni mwenyewe na viatu vya hospitali." Nikakubali kabla hajamaliza kiazi.

Haakon akakirudisha kichuma, akaijaribu uani kwake mara sita, na mara zote sita ililia. Ala ilishonwa kwa ngozi, inakaa kifuani kushoto. Nilibingirishiwa tairi mara nne zaidi, na mara mbili za mwisho nilibaki hai.

Mtoni nilikwenda siku tatu. Siku mbili za kwanza nilipata samoni mmoja mmoja. Siku ya tatu, wa tatu akiwa amenasa na anavuta, vichaka vya upande wa juu vilitikisika akatoka dubu, jike la rangi ya majani makavu, akasimama akinusa. Hapa tuna sheria: dubu akija ukiwa na samaki kwenye kamba, unakata kamba, asije akajifunza kwamba binadamu wanamtolea chakula majini. Nilikata. Mkono wa kulia ulikwenda kifuani wenyewe, ukaikuta bastola, ukatulia juu yake. Nikangoja sauti ya nyuma yangu. Agafia angesema, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani, "Bibi, tunapita tu. Mimi mjukuu wa Pelagia wa ng'ambo ile. Cha kwako hatugusi." Mtu hujitambulisha kwa dubu kwa jina la waliomzaa. Hapakuwa na wa kunisemea. Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiswahili, "Bibi, napita tu. Mimi mtoto wa Tausi binti Kabogo, wa Ujiji. Cha kwako sigusi." Na nilipokuwa nikisema ndipo nikatambua kwamba jina la mama yetu sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu mwaka ule. Nikalirudia. Dubu akasikiliza, akageuza kichwa chake kizito, akarudi vichakani. Bastola haikutoka kwenye ala.

Samaki wawili walitosha peroki moja kubwa. Haakon alikula vipande vitatu. Wale vijana wawili pia walikuja, wakaendelea kubishana, hadi Marfa akawagawia vyombo vya kuosha.

Nisalimie wote wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake, na majirani walio hai. Ukienda kaburini kwa mama, mwambie mtoto wake wa kiume anaomba msamaha kwa hitima, na kwamba jina lake limesikika huku, mbali kabisa. Wewe sikuombi unisamehe haraka. Kama utakasirika, kasirika kwa barua ndefu, nami safari hii nitaifungua siku ile ile itakayofika.

Saa inakaribia kumi na mbili jioni. Lazima niondoke, kwa sababu asubuhi nilikwenda tena mtoni, na Marfa ananingoja nirudishe bastola, na leo amepika.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,

Songoro