Chiriku na Kuku Waliopigwa Mstari

Chumba cha kushonea,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Na ule mgongo ulionilalamikia umetulia, au bado unainamia mashuka ya hospitali kutwa nzima? Usijikaze kisabuni, ukiumwa sema. Sisi hatujambo. Shemeji yako ana kikohozi kidogo tu, ila anavyokohoa utadhani anatuaga.

Mwanao mzima, anakula vizuri, na mdomo haufungi, ndiyo maana huku wote wanamwita Chiriku. Ila kuna jambo lake limenivuruga akili, na nakuandikia nikiwa bado sijalielewa.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wake aliniita. Akasema mtoto hajui hesabu za kutoa, na asipopata yote kumi kwenye jaribio atarudishwa darasa la awali. Nilidhani ananitania. Huyu huyu anayenihesabia vifungo hapa? Nikimpa sita nikachukua viwili, anajibu vinne hata sijamaliza kuuliza.

Kumbe shida ni picha. Kitabuni wamechorwa kuku sita, wawili wamepigwa mstari, unaulizwa wamebaki wangapi. Chiriku anaandika sita. Nikamweleza kwamba waliopigwa mstari wameondoka. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

"Mbona bado nawaona, Mama Mkubwa?"

Nikatazama, na kweli, kuku wapo wote sita, na macho yao. Nikamuuliza shemeji yako, naye akahesabu kwa kidole, akasema inategemea. Inategemea nini, hakusema. Siku hiyo nilianza kujitilia shaka hata mimi niliyemaliza darasa la saba.

Basi nikatumia akili za kifundi. Nikachora kuku kwenye karatasi, nikampa mkasi wangu mdogo: anayeondoka, umkate, umweke pembeni. Akaelewa papo hapo. Tulikata kuku, tukakata vikombe na viatu, mpaka sakafu ikajaa vipande. Nikajiona bingwa. Sikufikiria kwamba kwenye jaribio hakuna mkasi.

Ijumaa mwalimu akaniita tena, akanionyesha karatasi yenye matundu. Mtoto alichana kwa vidole kila kilichopigwa mstari, akavipanga juu ya dawati, ndipo akajibu. Mwalimu mwenyewe hakujua acheke au agombe. Maswali tisa, yote sahihi.

La kumi hakulichana. Ilikuwa picha ya nyumba yenye watu watano, na mmoja wao, mwanamke mwenye begi, amepigwa mstari. Chiriku kaandika watano. Mwalimu akamwita mbele yangu, akamuuliza kwa upole kwa nini huyu hakumtoa kama wengine.

"Huyu anarudi," akasema.

Mwalimu akanitazama, nami nikatazama ukuta. Kumgombeza siwezi, kumsahihisha sijui nianzie wapi. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi: akiandika wanne kwa mkono wake, anabaki na wenzake. Nimembembeleza kila namna. Hataki kabisa, na ni hapo tu anaponyamaza.

Mdogo wangu, mwaka wa pili huu unakwisha tangu uondoke, na sijawahi kukuuliza kwa sababu naogopa jibu. Sasa nimefika mwisho wa akili zangu. Nimwambie aandike wanne, au nimwache na watano wake? Mimi sijui. Anayejua ni wewe, na nakuomba uniandikie kabla mwezi haujaisha.

Shemeji yako anakusalimu, kikohozi na yote. Kaka na wifi nao wanakusalimu sana. Chiriku hajatuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde huko uliko, na mgongo wako aupe nafuu.

Dada yako akupendaye daima,
Fundi